Herufi Mbili za Mama Simu

Nilipokwenda kuomba chumba, kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuwa kabila langu wala kazi yangu. Aliuliza, "Wewe ukiandika barua, unaisoma kabla ya kuifunga, au unaifunga halafu ndiyo unakumbuka ulichosahau?" Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesimama mlangoni kwake pale Isevya, Tabora mjini, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, akisubiri jibu kama karani anayesubiri saini. Nikasema naisoma. "Mara ngapi?" Mara moja, nikasema. Akabinua mdomo, nikajua chumba nimekosa. Kisha akauliza kwetu wapi. Nikamwambia upande wa Bukene, kijiji cha ndani ukishaiacha reli. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo.

Baadaye majirani waliniambia kwamba kabla yangu alikuwa amewakataa mwalimu, polisi na mke wa imamu. Nilijiona mtu wa bahati.

Mtaa mzima ulimwita Mama Simu. Vijana walidhani ni kwa sababu ya simu za mkononi, wakawa wanashangaa, maana yeye mwenyewe hakuwa na hata moja. Jina lilitoka mbali zaidi, kutoka siku ambazo simu ilikuwa karatasi. Mtu alikwenda kaunta ya posta akaandika maneno yake machache, maneno yakasafiri kwa waya, na upande wa pili mtu mwingine akayapokea na kumpelekea mwenyewe. Mama Simu aliingia kazi hiyo miaka michache baada ya uhuru, wakati wanawake wa Tabora waliokaa mbele ya mashine walikuwa wa kuhesabika. Akakaa na teleprinta, mashine ya kuchapa maneno yaliyokuja kwa waya, mpaka teleprinta zenyewe zikastaafishwa.

Usifikiri alikuwa mzee mpole wa hadithi. Alikuwa mkali na mwenye majivuno, na alijua kununa. Aliwasahihisha watu Kiswahili sokoni. Nimewahi kumwona akimrudishia muuza nyanya kibao chake cha bei, ameshakiandika upya kwa chaki, na muuza nyanya hajaomba. Umri wake aliudanganya bila haya. Kila aliyemuuliza alipata mwaka tofauti wa kuzaliwa, na ukimkumbusha ule wa mwanzo alisema, "Ule ulikuwa wa kikazi."

Kazi yake aliieleza kwa neno moja la mji wetu. "Sisi ni wapagazi," aliniambia siku moja tukichambua karanga barazani. "Mababu zetu walitembea na pembe za ndovu za watu mpaka pwani. Mpagazi hafungui mzigo. Mimi nimebeba vifo na harusi, na hukumu za watu, na sikufungua." Alilisema hilo mara nyingi mno, na kila mara alipolisema aliangalia pembeni. Nilidhani ni macho.

Kazi yangu mimi ilikuwa kutunza kompyuta za chuo kimoja pale mjini. Seva yenyewe, ile kompyuta kubwa iliyobeba kurasa na mafaili yote ya chuo, haikuwa Tabora. Ilikuwa Dar es Salaam, katika chumba nilichokiona mara moja tu. Ilikuwa seva ya Linux, haina picha wala vitufe. Unaifikia kwa ssh: unaandika jina lako na anwani ya mashine, unatoa nywila, na dirisha jeusi linakupokea kama vile umekaa mbele yake. Kuanzia hapo kila unachoandika Tabora kinatendeka Dar.

Mara nyingi nilifanyia kazi hiyo nyumbani, mezani barazani, kwa sababu mtandao wa jioni ulikuwa na nafuu. Jioni moja Mama Simu alisimama nyuma yangu na sinia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi. Akatazama herufi zikitembea kwenye dirisha jeusi. Akavaa miwani.

"Upande wa pili kuna nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Mashine tu."

"Na hayo unayoyabadilisha, yako hapa au yako huko?"

"Yako huko."

"Huko hakuna mtu anayeona unavyobadilisha?"

"Hakuna."

Akaweka sinia chini. "Basi una kazi mbaya kuliko yangu," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake alirudi na kiti chake.

Sijui niseme alijifunza au alikumbuka. Mashine za siku zake ziliongea kwa maandishi kama hizi, na jina lao bado limo ndani ya Linux. Ukiuliza nani ameunganishwa, inakutajia tty, ambalo ni jina la teleprinta lililofupishwa. Nilipomwambia hivyo aliomba nimwonyeshe, akagusa kioo kwa kidole, akasema, "Kumbe hawakututupa wote."

Nilimwonyesha njia tatu za kubadilisha faili lililo mbali. Ya kwanza ni kuingia kwenye seva na kulihariri hukohuko, kwa kihariri kinachoitwa vi, au kwa nano kilicho rahisi zaidi. Ya pili ni kulileta nyumbani kwa sftp, ukalirekebisha kwa utulivu, kisha ukalirudisha. Ya tatu ni kuifungamanisha folda ya seva na kompyuta yako, ikaonekana imo humuhumu mezani. Hapo unafungua faili la Dar kama unavyofungua la kwako.

Mimi niliipenda ya tatu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Yeye aliichukia tangu siku ya kwanza. "Inakufanya usahau kwamba uko mbali," alisema. Ya pili aliikubali kwa shingo upande. Aliyoipenda ni ya kwanza, kwa vi, ambayo wanafunzi wote wa chuo waliiogopa. Vi ina hali mbili: kuna kuiamuru na kuna kuandika, na ukichanganya hizo mbili unaharibu. Vijana hukwama humo wakashindwa hata kutoka, wakazima kompyuta. Mama Simu aliielewa kwa siku chache. "Inakuuliza kwanza, unataka kusema au unataka kutenda," alisema. "Watu wengi hawajui tofauti."

Alikuwa na kanuni zake, na alizisimamia kwa ukali ule wa kibao cha nyanya. Nisiguse faili kabla ya kulinakili kando. Nikimaliza, nisome kwa sauti nilichobadilisha. Na kitu nisichokielewa ndani ya faili nisikifute kwa sababu tu kinaonekana takataka. Hii ya mwisho aliisema hata pale isipohusika. "Usifute takataka, Fundi. Uliza imetoka wapi."

Siku moja nilimpuuza. Nilikuwa nabadilisha mipangilio ya ukuta wa ulinzi wa seva, nikaandika mstari mmoja vibaya, nikauwasha. Dirisha likaganda. Nilikuwa nimejifungia nje, mimi na kila mtu. Hakukuwa na njia ya kuingia kurekebisha, maana mlango nilioufunga ndio huohuo wa kuingilia. Ilibidi nimbembeleze kwa simu mlinzi wa lile jengo la Dar amtafute kijana wa zamu, kijana akae mbele ya mashine yenyewe, nami nimsomee herufi moja moja. Mama Simu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwana wa watu kakata tawi alilokalia!" Baadaye akaniuliza kwa makini, "Sasa nyie mnafanyaje ili lisitokee?" Nikamweleza kwamba mwenye akili hufungua madirisha mawili. Moja anafanyia kazi, jingine analiacha wazi tu, limeshaingia, mpaka ahakikishe la kwanza bado linafanya kazi. Hakucheka tena. Akasema polepole, "Ndiyo. Mtu mmoja angebaki ndani."

Chuo kilikuwa na ukurasa wa matangazo, na Kiswahili chake kilimtia aibu. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu, nikamfungulia akaunti yake ndogo isiyogusa kitu kingine chochote. Kila asubuhi baada ya chai alikaa kwenye kompyuta yangu ya zamani, akaandika ssh kwa vidole viwili vilivyokuwa vigumu kama vya mfinyanzi, akaingia Dar es Salaam, akasahihisha matangazo ya mitihani. Hakubadilisha maana ya sentensi hata moja. Akikuta neno lenye utata alikuja kunigongea mlango nimpigie aliyeandika nimuulize. "Umekusudia 'watafika' au 'wamefika'?" Walimu wa chuo walichoka naye. Waliniambia, "Mwambie bibi yako aweke tu lolote." Nikamfikishia ujumbe. Alininunia kwa siku kadhaa, kana kwamba maneno yalikuwa yangu.

Watu hawakumwelewa katika jambo jingine pia. Alipenda Ujamaa mpaka mwisho. Wazee wenzake waliposimulia foleni za sukari na sabuni, wakacheka, yeye alikataa kucheka. Alisimulia alivyokuwa akienda kazini na sare iliyopigwa pasi ya mkaa, alivyolima shamba la ofisi Jumamosi kwa hiari, alivyoamini kwamba mtoto wa Sikonge na mtoto wa Dar watakunywa maji ya bomba lilelile. "Mlikuwa mnaamini?" nilimuuliza. "Niliamini. Na bado naamini lilikuwa jambo zuri." Halafu, kwa sauti ya chini: "Ndiyo maana inauma."

Na kulikuwa na mahindi. Kila nilipotoka nyumbani Bukene msimu wa mvua nilimletea mahindi mabichi ya mama yangu. Aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akamwombea mama dua. Mara tu nilipogeuka yalikwenda kwa jirani. Mchele wa Igunga alikula, viazi alikula, asali ya Sikonge alilamba kwa kidole. Mahindi mabichi kamwe. Nilidhani ni meno.

Kisha mama yangu akaja Tabora kutibiwa macho, akakaa kwangu karibu mwezi mzima. Nilihofia kwamba wale wawili hawataelewana, yule wa mjini mwenye kusahihisha watu na huyu wa shamba anayechanganya Kiswahili na Kinyamwezi. Nikakuta asubuhi ya pili wamekaa jikoni wanapukuchua kunde. Mama Simu anajaribu salamu ya "mwangaluka" na mama anamcheka. Wakawa dada na dada. Mama akaanza kumsukia mkeka. Mama Simu, ambaye hakumpikia mgeni yeyote, akampikia.

Siku moja mama alikuwa akizungumzia nyumbani, akasema, "Hilo shamba sasa analima dada yake huyu, Doto."

Mtu yeyote wa kwetu akisikia Doto atauliza swali moja tu, kwa sababu Doto ni pacha wa pili, na wa kwanza huitwa Kulwa. Mama Simu akauliza, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani, "Na Kulwa yuko wapi?"

Mama hakuacha kupukuchua. "Kulwa tulimzika mwaka wa malori."

Nilikuwa mlangoni. Hadithi hiyo nilikuwa naijua, lakini vipande vipande, kama watoto tunavyozijua habari za kabla hatujazaliwa. Siku ile mama aliisimulia yote.

"Tulikuwa tumelima vizuri. Mahindi yameshatoa ndevu. Malori yakaja asubuhi, wakasema kila mtu apande na anachoweza kubeba, tunahamia kijiji cha Ujamaa. Mume wangu akauliza, na mahindi? Wakasema serikali itawapa chakula huko. Huko tulikuta vigingi vimepigwa ardhini, basi. Kila nyumba kigingi chake. Mvua ikatukuta chini ya majani. Watoto wakashikwa kifua wote wawili, na mimi maziwa yamenikauka kwa njaa. Doto akapona." Akapuliza maganda. "Zamani walikuwa wananiita Mama Kulwa. Wakaanza kuniita Mama Doto. Hakuna aliyetangaza. Walibadilisha tu."

Mama Simu alikuwa amesimama. Kunde zilimwagika kutoka mapajani mwake, asiziokote. Aliuliza, "Mwezi gani?" Mama akamtajia. Akauliza kijiji. Mama akakitaja. Akatoka, akajifungia chumbani kwake.

Tangu siku ile alimgeuka mama yangu. Hakula naye tena. Akipita uani alipita upesi, akijibu salamu bila kuinua uso. Mama aliumia. "Nimemkosea nini mwenye nyumba wako? Nimesema neno baya?" Nilimwambia wazee wa mjini ndivyo walivyo. Mama akaufunga mkeka uliokuwa haujaisha, akauacha mlangoni pa Mama Simu, akarudi Bukene.

Jioni ya siku ile aliyopanda mama treni, Mama Simu aliniita barazani. Sikuwasha kompyuta. Alinieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno hayo mara nyingi.

Ulikuwa msimu wa mvua, na laini ya Dar ilikuwa mbovu, inakatika na kurudi. Ujumbe uliingia kwa teleprinta kuhusu watu wa vijiji kadhaa vya upande wa Bukene. Katikati ya neno moja palikuja takataka, tarakimu na mabano, kama ilivyotokea kila radi ilipopiga mbali. Ilianza WA, ikaja takataka, ikafuata HAMISHWE KABLA YA MAVUNO. Kisha laini ikafa kabisa.

"Sheria ilikuwa kuomba kurudiwa," alisema. "Lakini wa kumwomba hayupo, laini imekufa. Na ofisa mwenye ujumbe alikuwa amesimama kaunta, amelowa, anagonga meza kwa funguo. 'Dada, malori yanasubiri.' Nikatazama lile neno. Takataka mara nyingi huingia tu, haili herufi. Ukiiondoa, neno linabaki zima. Wahamishwe kabla ya mavuno. Lina maana. Halina kasoro. Nikaandika nakala safi, nikagonga muhuri, nikampa."

"Na lilikuwa?"

"Asubuhi laini ikarudi. Hakuna aliyeniambia niulize. Niliuliza mwenyewe, nirudiwe neno lile moja. Likaja." Akaandika kwa kidole juu ya meza, na ingawa hapakuwa na wino nililisoma: WASIHAMISHWE.

Herufi mbili. Katika lugha yetu herufi mbili hizo zinatosha kugeuza ndiyo kuwa siyo.

"Nilikimbia mpaka ofisini kwa yule ofisa na karatasi. Akaisoma. Akasema, 'Malori yameshatoka.' Nikasema yarudishwe. Akaniangalia kama mtoto. 'Niyarudishe kwa herufi mbili? Leo serikali imesema hamia, kesho iseme rudi? Watu watatuonaje?' Akaitia karatasi mfukoni. Juu yake kulikuwa na mkubwa wake, Fundi. Mlango wake ulikuwa ng'ambo ya ukumbi, uko wazi, namwona ndani anakunywa chai. Nikasimama pale ukumbini. Nilikuwa na kazi nzuri, mwanamke pekee wa zamu yangu. Nikafikiri, watahama, watakuta chakula kama walivyoahidiwa, hakuna kitakachoharibika. Nikarudi kwenye mashine yangu."

Alivua miwani.

"Kosa la kwanza lilikuwa la laini na la haraka yangu. Hilo Mungu ataliangalia. La pili lilikuwa la miguu. Niliona mlango nisiende."

Nilitamani nimpe pole, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Kisha nikamwona akilini mama yangu anapuliza maganda ya kunde. Nikawa katikati ya wanawake wawili, mmoja amenizaa na mwingine amenilisha miaka yote ile, na huruma yoyote niliyotaka kumpa mmoja niliona namwibia mwingine.

"Utamwambia mama yako?" aliuliza.

"Mpagazi hafungui mzigo," nilisema. Nilikusudia limchome, na likamchoma. "Huu ni wako, Mama. Ubebe mwenyewe mpaka ufike."

Sikuhama. Watu wangeuliza kwa nini, na ningejibu nini? Niliendelea kukaa naye, tukisalimiana vizuri. Mama alipopiga simu kila Ijumaa kuniuliza habari za mwenye nyumba nilisema hajambo, na nilipokata simu nilihisi nimesaini kitu. Kazini nilianza kuogopa. Nilikuwa nafungua faili la Dar es Salaam, naona mstari nisiouelewa, nanyanyua mikono kwenye kibodi na kukaa tu. Niliachana na ile njia nyepesi ya kufungamanisha folda. Ilikuwa kweli, inakufanya usahau kwamba uko mbali, na kwamba kule mbali kuna watu.

Yeye aliacha kusahihisha matangazo. Aliniomba niifunge akaunti yake, nikaifunga. Afya yake ikaanza kushuka, na mpwa wake wa Igunga akawa anataka kumchukua. Mvua zikapita, na kiangazi. Siku mpwa alipoleta habari kwamba anakuja na gari, Mama Simu alinigongea mlango asubuhi, amevaa buibui lake jipya.

"Nikatie tiketi ya Bukene. Mwambie mpwa wangu anifuate huko."

Hiyo ndiyo safari ya mwisho niliyofanya naye. Kutoka Bukene alichukuliwa kwenda Igunga, na huko ndiko alikofariki baadaye, sikuwepo.

Kutoka stesheni tulipanda pikipiki mbili, yeye ameshika bega la dereva kwa heshima kana kwamba anasindikizwa na ofisa. Mama alishangaa kutuona, akafurahi, akasahau kabisa kwamba alinuniwa. Akatandika mkeka kivulini upande wa nyumba, akaleta maji. Mama Simu hakunywa. Alikaa, akasema aliyokuja kusema, yote, kwa maneno yaleyale aliyoniambia mimi, tangu takataka ya radi mpaka ule mlango uliokuwa wazi ng'ambo ya ukumbi. Hakuongeza "nisamehe" mwishoni.

Kuku walipita kati yetu.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Ungeingia kwa yule mkubwa, malori yangerudi?"

"Sijui. Ndilo ninalojiuliza. Sijui."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu kizito na kupima atakishikaje. "Mimi nilikuwa na watoto wawili, nikabaki na mmoja. La kwangu nitalimaliza na Mungu. Lakini Doto alikuwa na mwenzake. La kwake siwezi kulisemea. Mngoje arudi shambani."

Tukamngoja. Alikuja jua likiwa limeinama, mwanamke mnene, mchangamfu, matope mpaka magotini, jembe begani. Alipomwona mgeni mzee aliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye khanga, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Mama Simu alijiinua kwa taabu mpaka akasimama.

"Usinipe hiyo kwanza, mwanangu. Kaa usikie, halafu uamue."

Doto akanitazama, akamtazama mama, akakaa. Akaambiwa. Wakati anaambiwa alikuwa akibandua matope kwenye mguu wake, kipande kimoja kimoja, na matope yalipokwisha aliendelea kupitisha kucha mahali palepale.

"Tangu nina akili," alisema mwishoni, "kila ninapotaja jina langu watu wananiuliza Kulwa yuko wapi. Sokoni, kliniki, siku ya kuolewa kwangu. Nasema alikufa. Wanasema pole, basi. Sasa wakiniuliza niseme nini? Kwamba alikufa kwa herufi mbili?"

"Hapana," alisema Mama Simu. "Usiseme herufi. Sema mimi."

"Wewe nani? Hata jina lako silijui. Huyu siku zote anasema Mama Simu, Mama Simu."

Mama Simu akamtajia jina lake. Alilitaja zima, lake na la baba yake na la babu yake, polepole, kama mtu anayemsomea herufi mtu wa upande wa pili. Doto akalirudia. Akakosea kidogo katikati, Mama Simu akamsahihisha, akalirudia tena sawasawa.

Mimi nilikuwa nikilijua jina hilo miaka yote, lipo kwenye risiti zangu za kodi. Lakini jioni ile alimpa Doto, na tangu hapo ni la Doto, kulisema au kulinyamazia. Mpaka leo hajalisema mbele yangu, na mimi sijalisema.